Mtoto wa Waitara Alishika Kidole

Benchi letu lilikuwa mbele ya banda la Dorka pale Bomani, Tarime, ambako alikuwa akichemsha kahawa kutwa nzima. Mwaka ule wa hamsini na sita, baada ya mavuno ya ulezi, tulikuwa wanne. Mimi, fundi wa cherehani. Jairo, tuliyemwita Mpaka kwa sababu hakuacha kuvuka kwenda Kenya kwa ndugu zake. Mzee Magige, au Kifuniko, ambaye ujanani alipigwa rungu, waganga wa Kikurya wakampasua fuvu, wakatoa kipande cha mfupa, akapona. Na Waitara wa Kemambo, aliyekuwa amerudi benchini kwa mara ya kwanza tangu azike mtoto.

Tulimpa pole. Akakaa na kikombe mkononi bila kunywa, kisha akatusimulia. Mkewe, Robi, alijifungua hospitali ya misheni mtoto wa kike aliyekosa sehemu ya juu ya kichwa. Hata hivyo mtoto alipumua, akalia, akanyonya kidogo. Waitara alipompa kidole, alikishika akakibana. Hakumaliza juma, akafia mikononi mwa mama yake.

Daktari alimweleza kwa kutumia mkono wake, na Waitara akatuonyesha vilevile: akakunja ngumi, akashika kifundo cha mkono. Ngumi ni ubongo wa juu, wa kufikiri na kukumbuka. Kifundo ni shina lake, linaloshuka kisogoni hadi kwenye uti wa mgongo. Hilo ndilo linaloendesha pumzi, mapigo ya moyo na kumeza. Ngumi na shina huanza kama mrija mmoja, mama akiwa hata hajajua kuwa ana mimba. Mrija wa mtoto huyu haukujifunga upande wa juu. Shina likakua, ngumi haikukua. Robi hakukosea lolote. Hilo daktari alilirudia.

— Nikamuuliza daktari kama mtoto alitujua, Waitara akasema. Yeye akajibu hapana. Kushika kidole si kujua, mwili unafanya wenyewe. Robi ananiuliza kila siku daktari alisemaje. Sijamwambia.

Mzee Magige akavua kofia, akainamisha kichwa tupapase bonde la fuvu lake.

— Hapa hapana mfupa, na siku ile nilikuwa kama maiti. Lakini mama aliponigusa, nilijua ni yeye. Kujua hakukai huko juu.

Jairo akadakia kwamba ndama hafundishwi na mtu, lakini akisimama tu anamfuata mama yake, kwa hiyo kujua kumo kisogoni. Mimi nikasema moyo nao una kumbukumbu zake. Jairo akazidi: mtoto humjua mama tangu akiwa mrija, maana mrija wenyewe umefumwa kwa damu ya mama. Magige akafika mbali zaidi, akasema vidole vina akili yao, na kile cha Waitara kilikwisha kusalimiwa. Hakuna aliyeamini aliyoyasema. Tulitaka tu Waitara apate kitu cha kupeleka nyumbani. Naye alisikiliza, akikitazama kidole chake.

Aoko, mdogo wake Dorka, aliyefika asubuhi hiyo kutoka ng'ambo ya mpaka, alikuwa akituongezea kahawa. Akasimama na birika.

— Kaka, mlimpa jina gani?

— Wazee walisema asipewe. Walijua hatakaa.

— Naelewa. Lakini mama yake, alipokuwa akimnyonyesha, alikuwa anamwitaje?

Tukamgeukia Waitara. Akasema taratibu kwamba yeye alikuwa akikaa nje na wanaume, akiingia mara chache, na kila akiingia Robi alinyamaza.

— Sijui, akasema. Sikumuuliza.

Waitara akaweka kikombe chini, akamuaga mzee Magige kwa heshima, akashika njia ya Kemambo jua lingali juu, akitembea kama mtu anayengojewa.