Nimeokolewa Kutoka Kwenye Kiti

Watu wa Misima, Bwana asifiwe! Mbona mnaitika kwa woga? Itikeni tena, Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi majirani zangu Waislamu mliosimama pale ukutani mkisubiri ndizi za mnada, asalaam alaykum, sogeeni kivulini. Haya ninayokuja nayo leo hayachagui dini, yanachagua miguu.

Ndiyo, ni mimi mwenyewe, Mama Elia, mtoto wenu mliyemuoza Mombo. Najua mlisikia nimekufa. Mlisikia mara mbili. Mara ya pili naambiwa kuna mtu humu alishachemsha maharage ya msiba. Simtaji. Ila angeniita tu, ningekuja kula.

Ndugu zangu, wengine wakisimama hapa wanashuhudia kwamba wametolewa kwenye pombe. Wengine majini yamewatoka yakipiga kelele mpaka mbwa wakahama kijiji. Mimi Mungu amenitoa kwenye kiti. Kiti cha plastiki, cha bluu, chenye mikono. Msicheke. Kile kiti kilikuwa kinanimaliza, na aliyekinunua ni huyu hapa, wifi yangu Mama Yusta, dada wa mume wangu, mkazi wa Manundu pale Korogwe. Nimekuja naye makusudi, asije akasema huko nyuma kwamba nimeongeza chumvi. Wifi, inua uso watu wakuone.

Kabla ya kiti nilikuwa mtu. Mombo nilikuwa nauzia abiria wa mabasi, mahindi ya kuchoma, mayai, ndizi, sinia kichwani. Basi likipunguza mwendo tu mimi nipo dirishani. Kuna dereva alinidhania basi lingine, akawasha indiketa anipishe. Siku nyingine abiria aliondoka bila chenji yake, nikaunga mbio, nikafika Korogwe mjini nikamsubiri ashuke. Anayebisha akamtafute huyo abiria.

Lakini moshi, ndugu zangu, moshi nimeula. Nimekulia hapa hapa kwenye jiko lisilo na dirisha. Mama yangu, Mungu amrehemu, akitaka kujua kama nimo ndani alikuwa anasikiliza kikohozi. Nimechoma mkaa na baba. Mombo nikainamia jiko la mahindi miaka yote ile. Moshi uliopita kifuani mwangu ungekausha samaki wa ziwa zima. Basi kikohozi kikaja kama mgeni wa siku moja, kikaomba godoro. Pumzi zikaanza kupungua. Mabasi yakanishinda. Baiskeli zikanishinda. Vibibi vyenye mikongojo vikanipita vinanipa pole. Siku kuku wa jirani aliponipita barabarani, akageuka kunitazama kwa huruma, nikajua sasa mambo yameharibika.

Nikapelekwa hospitali Korogwe. Nikapuliza kwenye mashine yao mpaka macho yakataka kuanguka. Wakasema siyo kifua kikuu, ni ugonjwa sugu wa mapafu, njia za hewa zimebana, na huo hautoki, nitaishi nao. Wakanipa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Wakasema mengine mengi, lakini wifi yangu alisikia neno moja tu, "hautoki". Kesho yake akashuka kwenye basi na kiti kichwani.

"Wifi," akaniambia, "kuanzia leo kazi yako ni kukaa."

"Na kufagia je?"

"Kaa."

"Hata kuosha vikombe?"

"Nimesema kaa. Kaka yangu hajachoka kuwa na mke."

Akahamia kwetu. Nikikaa ananisifu. Nikisimama anapiga yowe. Nikienda chooni kiti kinanifuata nyuma kama mbuzi aliyezoea chumvi. Uji ananiletea, maji ya kunawa ananiletea, nzi akitua kwenye mguu wangu anamfukuza yeye. Na wala hakuwa na ubaya, ndugu zangu. Ananipenda huyu. Lakini kuna mapenzi yanakula taratibu kama mchwa kwenye nguzo, nje unaona nyumba nzuri, ndani hamna kitu.

Hata ibada ikaacha kunisubiri kanisani, ikawa naletewa nyumbani. Kanisa letu liko juu kilimani, mimi niko chini kitini. Akina mama wanakuja, wanaimba, wananiombea: "Bwana, mpe pumziko." Mimi nafungua jicho moja. Pumziko lipi tena? Ninalo hili, limenifanya makalio yawe bapa kama chapati.

Miguu ikawa ya mbu. Nikitoka kitini kwenda mlangoni nahema kama nimebeba milima ya Usambara na watu wake. Na nikihema, wifi anasema, "Unaona? Ndiyo maana nilikwambia ukae." Basi nakaa. Kesho yake mlango umesogea mbali zaidi.

Tuliporudi hospitali kufuata dawa, nikakutana na binti mmoja wa mazoezi. Mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu kama ningeanza mapema.

"Mama, kwa siku huwa unatembea mpaka wapi?"

"Sitembei mwanangu, mimi mgonjwa."

"Nani amekwambia mgonjwa hatembei?"

Nikamnyooshea wifi kidole.

Yule binti akanipima presha, akanibana kidude kidoleni, akanitembeza kwenye korido polepole, tunapumzika, tunakwenda. Halafu akaniweka chini. "Mama, sikudanganyi, mapafu yako hayatakuwa mapya. Lakini hiyo miguu haiumwi, imelala. Na miguu iliyolala inadai hewa nyingi kuliko iliyo macho. Tuiamshe."

Wifi akadakia. "Binti, akitufia barabarani, utaolewa na kaka yangu wewe?"

"Mama mkubwa, mkiendelea hivi hicho kiti kitamuwahi kabla ya mapafu."

Akanifundisha. Vuta hewa kwa pua, itoe kwa mdomo ulioubana, taratibu, kama unapoza uji wa mtoto. Mimi niliyepuliza moto maisha yangu yote, moto ukanilipa kwa kuniharibu kifua, sasa napuliza uji ambao haupo! Akasema nikihema nisiogope, kuhema siyo kufa, ilimradi niweze kuongea. Na mimi, ndugu zangu, siku nitakayoshindwa kuongea chemsheni maharage, nimekufa kweli. Akasema kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, nisimame hapo hapo. Na kile kiti akakigeuza kazi. Kaa, simama, kaa, simama, bila kushika mikono yake. Nikaanza kumwonyesha wifi kwamba kiti nacho kinachoka.

Nikaanza na nguzo za umeme. Kutoka nyumbani mpaka nguzo ya kwanza. Nikifika naikumbatia kama shemeji aliyetoka Dar. Baadaye nguzo inayofuata. Watu wa mtaani wakasema Mama Elia amechanganyikiwa, anaamkia nguzo. Mwingine akamuuliza wifi, "Hilo zoezi la kupuliza anafukuza pepo au anaita?" Na wifi nyuma yangu, kiti kichwani, "Kaa wifi, kaa, watu wanatuangalia." Mimi nasema acha waangalie, si bure.

Msidhani ilinyooka. Siku moja nilijitia ubingwa. Nikaenda kwa haraka, lori likapita na vumbi lake, pumzi ikakata. Nikapiga magoti mbele ya bucha. Wifi akanibeba juu juu akanibwaga kwenye kiti katikati ya barabara. Watu wakajaa. Mama mmoja akaanza wimbo wa msiba, na sauti anayo. Nikainama mbele, mikono magotini, nikapoza uji wangu. Ilipopatikana pumzi ya kwanza nikaitumia kwake: "Mama, usifike ubeti wa pili, nitakuwa nimeshaamka." Nikaamka. Nikarudi nyumbani kwa miguu yangu, nguzo kwa nguzo, nalia na kucheka.

Lakini jioni ile wifi aliweka sahani chini akasema mbele ya mume wangu, "Yamekwisha. Kesho hutoki humu ndani." Na mume wangu akavuta sahani yake akaendelea kula. Hapo ndipo nilipoona kaburi langu, ndugu zangu, nalo lilikuwa la bluu, lina mikono.

Nikamwambia, "Wifi, nakuheshimu. Jumapili ya mavuno nitapanda kanisani kwa miguu yangu. Nikifika, hiki kiti ni sadaka, kinadiwe pamoja na majogoo. Nikishindwa, nitakikalia mpaka Yesu arudi, na hutasikia tena neno kwangu."

Mume wangu Baba Elia, mtu anayeongea mara moja kwa msimu wa mahindi, akasema, "Mimi shahidi."

Nikarudi kwa yule binti nikamweleza. Hakucheka. Akasema, "Anza mapema, pumzika kila unapotaka, usishindane na mtu." Nikaenda na nguzo zangu wiki baada ya wiki, mpaka nguzo zikaisha nikaanza kuazima za mtaa wa pili.

Jumapili ikafika. Nimetoka umande haujakauka, dawa yangu kifuani, Baba Elia mbele na mkungu wa ndizi. Wifi nyuma na kiti kichwani, eti nikianguka nisianguke chini. Kilima kile mnakijua nyie mliowahi kuja, ukikitazama tu kofia inaanguka. Nakwenda hatua, napuliza. Nafika kwenye jiwe, nainama, napuliza. Nyuma nasikia, "Kaa wifi." Naenda. "Kaa basi kidogo." Naenda. Waumini wananipita wanasema pole, nami nawaambia pole ni yenu mnaoharakia kumsikiliza mzee wa kanisa akitoa matangazo.

Kwenye kona kali pale nikasimama. Kifua kinawaka, nikasema Bwana, hapa sasa ni mimi na wewe, na wewe ndiye uliyeumba hiki kilima. Nikapoza uji mpaka ungeganda. Halafu nikashangaa, mbona kimya? Sisikii tena "kaa". Kugeuka, namwona wifi kule chini, mdogo kama mdudu mwenye gamba la bluu. Mnajua wifi yangu hatembei? Tangu pikipiki ziingie Manundu, hata sokoni anapelekwa. Mapafu mazima, kifua kama ngoma, lakini miguu yake nayo ilikuwa imelala usingizi wa pono.

Nikapanda. Nikashika mlango wa kanisa. Kwaya ikakatika katikati ya wimbo, wananisikiliza napuliza. Nikaingia nikakaa kwenye benchi, maana benchi halina mikono ya kumshika mtu.

Ndugu zangu, sikuja kuwadanganya. Mapafu hayajapona. Dawa hii hapa, siachi. Mabasi bado yananishinda, siku hizi nayaacha yasimame kwanza ndipo niyauzie. Ugonjwa umepanga kwangu, sawa, ukae, lakini ufunguo wa nyumba ninao mimi. Wewe unayehema ukaambiwa usisogee, nenda kwanza hospitali wakupime wakufundishe, usiende kwa maneno yangu matupu, mnanijua naongeza. Kisha mtegemee Mungu, usimame. Aliyetupa pumzi hakutupa tuzikalie. Nami namshukuru yeye, namshukuru yule binti, na namshukuru huyu wifi, maana bila yeye kunikalisha nisingejua utamu wa kusimama.

Basi ibada imekwisha siku ile, tuko nje kwenye mnada. Majogoo yameuzwa, mkungu umeuzwa. Hapo ndipo wifi anatokea kilimani, jasho linatiririka, khanga begani, kiti kichwani kimekaa upande. Ahadi ni ahadi, akapenya katikati ya watu mpaka mbele, akakiweka miguuni kwa mzee wa kanisa. Mzee akapaza sauti, "Kiti hiki cha Mama Elia, kizima, hakina ufa. Nani anaanza?"

Kabla mtu hajafungua mdomo, wifi akajibwaga juu yake, akafumba macho, akasema:

"Mzee, nadi kingine kwanza. Hiki kina mtu."