Picha Aliyoazima Mkurugenzi

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni sauti za vyombo jikoni, maana leo nina jina zito mdomoni. Ognyan Pashaliev, aliyekuwa mkurugenzi wa polisi wa taifa letu, ametutoka akiwa na miaka sitini na minne. Alikuwa mkurugenzi kwa miaka tisa. Nasema tena, miaka tisa, katika kiti ambacho wengi hawamalizi miwili.

Wengi mnamkumbuka kwa kuwatimua askari wala rushwa wa barabarani. Mimi nawapeleka kijijini Belevo, nyumbani kwa Bi Stoyanka Gerova.

Mwaka 1989 binti yake, Nevena, miaka kumi na saba, alitoka kununua mkate. Hakurudi. Ognyan, wakati huo afisa kijana wa wilaya, aliazima picha ya Nevena. Ilikuwa moja tu mle nyumbani. Akaahidi kuirudisha siku atakayompata.

Picha ikapanda cheo pamoja naye: droo ya wilaya, droo ya mkoa, mwishowe meza ya mkurugenzi kule Sofia. Na kila Jumapili ya Matawi, sikukuu ya wenye majina ya maua kama Nevena, Ognyan alibisha hodi Belevo. Kwetu, siku ya jina mgeni haalikwi. Huja tu.

"Kijana, askari elfu ishirini, na bado unanijia mikono mitupu," Bi Stoyanka alimtania, huku akimkatia banitsa, andazi la tabaka lenye jibini.

Mjane wa Ognyan, Rumyana, aliyekuwa akimsindikiza, ameniambia alichofanya mumewe. Alikula, akaosha sahani yake, akaondoka. "Njia nzima ya kurudi hakuwasha hata redio," anasema.

Alhamisi, baada ya mazishi, Rumyana aliipeleka picha Belevo, ndani ya bahasha. Bi Stoyanka, sasa miaka themanini na mmoja, alimkuta langoni. Aliitazama ile bahasha, akaficha mikono yake nyuma.

"Amempata?"

"Hapana, mama."

"Basi irudishe mezani kwake."

"Meza ina mtu mwingine sasa."

"Mwambie huyo mwingine, Jumapili ya Matawi nitapika."

Akafunga lango. Rumyana akarudi Sofia na bahasha mapajani.

Pole nyingi kwa Rumyana na ukoo wote wa Pashaliev. Kwa Bi Stoyanka sitoi pole, kwa kuwa hataki kuipokea. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, jiulizeni: ungekuwa wewe pale langoni, mikono yako ungeiweka wapi?