Inama Nimweke Mtoto

Ndugu zangu, Bwana asifiwe asubuhi hii ya ukungu! Nataja ukungu kwa sababu ndani yake ndimo nilimoishi, miaka ile ya tisini, nilipomzaa binti yangu Neema.

Tulipanga nyumba Shirere, mume wangu akifanya kazi katika ofisi ya serikali mjini. Alikuwa ametengenezesha kitanda kizuri cha mtoto, chenye fito kila upande. Neema alilala humo, nami nikalala nimeelekea ukutani. Mvua ya mchana iligonga mabati, na kilio chake kilinifikia kutoka mbali, kama cha mtoto wa jirani. Sikumchukia, ndugu zangu. Sikumhisi tu! Mimi niliyefundisha wengine kuomba, nilifungua kinywa nikakosa neno. Kila jioni nilitazama mlango, nikawaza kutoka, niende tu, nisirudi.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Malinya, kuku kwapani. Akamweka kuku chini, akakunjua leso yake.

"Inama," akaniambia.

Nikadhani ananiita kwenye maombi. Machozi yakanitoka. "Nimeomba, mama. Bwana hanisikii."

"Nani amesema kuomba? Inama nimweke mtoto! Kwetu mtoto anabebwanga, hawekwangi kwa kizimba kama ingokho, kama kuku huyu!"

Nikacheka! Kwa mara ya kwanza tangu nijifungue, nikacheka, na nikainama. Akamlaza Neema mgongoni pangu, akavuta leso, akakaza fundo kifuani. Nikatembea uani polepole. Joto lake dogo likanipenya, pumzi yake ikaenda na yangu, hata sikujua ni nani anayembeba mwenzake. Neno likanijia lenyewe: "Asante, Baba."

Ukungu haukuondoka siku ile. Mama alikaa nasi, akanisikiliza, akanisindikiza kliniki nikamweleza nesi yote. Kila asubuhi alisema, "Inama," nami nikainama, nikaomba kabla fundo halijakazwa. Hatimaye siku moja nikautazama ule mlango, nikaona njia ya kwenda sokoni tu. Utukufu kwa Mungu!

Leo Neema naye amejifungua. Na wewe dada uliyeketi hapo na mtoto usiyemhisi, usifiche. Mtumaini Bwana, na uje kwangu baada ya ibada. Leso ninayo. Wewe inama tu, mtoto tutamweka sisi.