Kovu la Mkono wa Kushoto la Mzee Sostenes Nduwayo

Bwana Sostenes Nduwayo, mratibu wa chanjo katika kituo chetu hapa mpakani Rusumo, anastaafu Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025, siku anayotimiza miaka sitini. Ameitumikia idara ya afya kwa miaka thelathini na sita na miezi minne, yote katika wilaya za Biharamulo na Ngara. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Matiasi Niyonzima, muuguzi niliyefanya naye kazi miaka saba, niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba hii mliyoishika. Niliandika mmoja mzuri, wenye sifa zote za kawaida. Jumapili iliyopita niliuchana. Huu mnaousoma ni wa pili, na mwandishi wake bado hajatulia.

Tuanze na tunayoyajua sote. Mzee Sostenes aliajiriwa Mei 1989 katika zahanati moja ya Biharamulo, akapewa baiskeli na sanduku la baridi la kubebea chanjo. Alipokuwa akipita Lusahunga na koti lake jeupe, watoto walidhani ni muuza askrimu. Walimkimbilia kwa vifijo mpaka chini ya mti alipoegesha, na hapo ndipo walipoiona sindano. Yeye husema hakuwahi kuhitaji kipaza sauti, maana watoto walijileta wenyewe na mama zao wakawafuata ili kuwanyamazisha. Madereva wa malori nao walimsimamisha wakiulizia soda baridi. Mmoja aliondoka na matone ya polio, na mpaka leo hatujui alishawishiwa vipi.

Mwaka 1994 alihamishiwa Ngara, wakati kambi ya wakimbizi ya Benaco ilipofurika watu katika siku chache. Alichanja surua kutwa nzima amesimama. Huko ndiko kovu lake lilipopata umaarufu. Kovu la chanjo ya kifua kikuu tunalo wengi, mkono wa kulia. Lake liko mkono wa kushoto, karibu na bega, la duara na pana. Kila mama aliposita, Mzee Sostenes alikunja mkono wa shati na kueleza kwamba alichanjwa ndui mwaka 1968, akiwa na miaka mitatu, hapa hapa Ngara. Kisha akauliza ndui iko wapi leo. Ilikuwa ikiua watu na kupofusha watu, na waliopona walibaki na nyuso zenye mashimo. Wachanjaji walikwenda kijiji kwa kijiji na sindano zao zenye ncha mbili, na mwaka 1980 dunia nzima ikatangazwa kuwa haina ndui. Siku moja pale Benaco bibi mmoja aitwaye Hategekimana, mwenye uso wa mashimo hayo hayo, alitoka kwenye foleni, akalishika lile kovu kwa vidole viwili na kuwapigia kelele akina mama waliokuwa nyuma yake wawalete watoto. Foleni ile haikuvunjika mpaka chanjo zilipokwisha.

Wengi wetu tulijifunza kazi kwa kulitazama kovu hilo. Mimi nimeliona likifunuliwa Murusagamba, Kabanga na katika kila kijiji tulichokwenda kwa huduma ya mkoba. Tulilitania. Tuliliita mtumishi namba moja wa kituo.

Agosti mwaka jana ugonjwa wa Mpox ulipotangazwa katika nchi jirani, tuliitwa kwenye semina. Mwezeshaji alieleza kwamba virusi vyake ni ndugu wa virusi vya ndui, na kwamba mtu aliyechanjwa ndui zamani huenda ana kinga kiasi. Akauliza kama kuna wa umri huo. Mzee Sostenes alikunja shati kabla swali halijaisha. Tulipiga makofi. Siku hiyo hiyo akajipangia mwenyewe kuwa wa kwanza kumkaribia kila msafiri mwenye vipele, sisi vijana tukae nyuma ya kamba tuandike fomu. Mke wangu Iteka alikuwa na mimba kubwa, kwa hiyo sikubisha hata kidogo.

Wiki mbili baadaye lilifika lori ambalo dereva wake alikuwa na homa kali na malengelenge usoni mpaka shingoni. Tulivaa barakoa na glovu. Mzee alipanda ndani ya lori peke yake, akamnywesha maji, akamteremsha kwa kumkumbatia kwa sababu miguu haikumbeba yule bwana. Aproni ikachanika begani na shati likalowa jasho la mgonjwa. Tuliona yote hayo tukiwa hatua kumi nyuma, na hatukuwa na wasiwasi. Mimi mwenyewe nilisema kwa sauti kwamba leo kovu linakula mshahara wake kihalali. Watu wakacheka. Yeye pia alicheka.

Kuanzia siku hiyo alilala kwenye stoo tupu nyuma ya kituo. Alituambia paa la nyumba yake linatengenezwa. Alikuja na sahani yake na kikombe chake, akala peke yake nje, nasi tukaona ni mambo ya utu uzima. Siku ya kumi na moja majibu ya maabara yakatoka kwamba yule dereva alikuwa na tetekuwanga tu. Jioni hiyo hiyo paa la Mzee nalo likawa limekamilika. Sikuunganisha mambo hayo mawili. Nilikwenda hospitali kumwona mtoto wangu aliyezaliwa juzi yake.

Jumapili iliyopita nilikwenda Rulenge kwa dada yake, Mama Leonsia, kutafuta picha ya utotoni ya kuweka katika ukurasa wa mbele. Nilimkuta uani anapepeta maharage. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia picha hakuna. Nikamwambia basi anisimulie siku ndugu yake alipochanjwa ndui, maana hiyo ndiyo ingekuwa aya yangu ya kwanza. Aliuweka ungo chini na kunitazama kama mtu anayejiuliza kama namtania.

“Kwani hakukwambia, mwanangu? Yule hakuchanjwa. Lile ni kiko cha bibi.”

Nilidhani sikuelewa. Akanieleza taratibu, kwa namna watu wazima wanavyowaeleza wageni. Wachanjaji walikuwa wakirudi baada ya wiki kukagua mikono, na mwenye kidonda alihesabiwa kuwa amechanjwa. Bibi yao alikuwa na mjukuu mwingine aliyefariki kwa homa siku chache baada ya wachanjaji kupita, akaapa kwamba hawatamgusa wa pili. Leonsia alikuwa na miaka kumi na mmoja, naye alishachanjwa shuleni, bibi hakuwa na la kufanya. Kwa Sostenes alitoa kaa la moto kwenye kiko chake cha tumbaku, akalibana begani kwa mtoto. Wakaguzi walipokuja waliona kidonda cha duara kinachokauka vizuri, wakampongeza bibi, wakaenda zao.

“Mimi ndiye niliyemshika miguu,” alisema Mama Leonsia, na hapo sauti yake ikabadilika.

Nilimwuliza kama ndugu yake anajua. Akasema anajua. Alimwambia mwaka jana, Jumapili ile baada ya semina, alipokuja pale uani kujisifu kwamba yeye ndiye ngao ya mpaka. Alimwambia aache kuwakaribia wagonjwa kwa sababu mkononi hana kitu. Sostenes alimaliza ndizi zake, akamwomba asimwambie mtu. Sasa anastaafu, akasema mama, siri ya nini tena?

Ndugu zangu, hesabuni siku kama nilivyozihesabu mimi nikiwa kwenye bodaboda nikirudi, kichwa kinaniwaka. Jumapili ile ilikuwa kabla ya lori. Alipopanda kumteremsha yule dereva alijua. Alipocheka nasi alijua. Stooni tulimwacha alale peke yake siku kumi na moja akisubiri kuona kama mwili wake utatoa malengelenge. Na baada ya hapo walikuja wasafiri wengine wanane wenye vipele, na mara zote nane alikunja shati, akatuonyesha kovu, akatuamuru tubaki nyuma ya kamba. Nimeshtuka, nimekasirika, nimeona aibu, na sijui nianze na lipi.

Jumatatu asubuhi nilimkuta akikabidhi funguo za jokofu la chanjo na daftari la jotoridi. Nilimwambia nimetoka kwa dada yake. Hakukana. Alisema akina mama wa Benaco aliwaambia alichokuwa akiamini, na kwamba watoto wao walichanjwa kwa chanjo halisi, hilo linamtosha. Nikamwuliza kuhusu sisi, maana sisi alitudanganya akijua.

“Matiasi, yule dereva alikuwa anaomba maji, nanyi mlikuwa mnatazamana,” alisema. “Ningewaambia, mngeanza kupangana nani aende. Ungekwenda wewe, nakujua. Na mkeo alikuwa amebakiza wiki mbili.”

Kisha akaniuliza kama joto la jokofu aliandike nyuzi nne au tano, kazi ikaendelea.

Nilimwuliza kama haya niyaandike. Alifikiri, akasema niandike, ila kwa sharti kwamba nisiandike kuwa bibi yake alikuwa mjinga. Sijaandika.

Kwa niaba ya watumishi wote wa kituo, tunakushukuru Mzee Sostenes kwa miaka thelathini na sita, kwa maelfu ya watoto wa Biharamulo na Ngara ambao leo wana watoto wao, na kwa mmoja ambaye wiki hii amefikisha mwaka na anatembea akishika ukuta. Rudi Rulenge ukalime migomba yako, ulale kwenye nyumba yako mwenyewe. Tunakuombea afya njema na umri mrefu. Mengine tutakusamehe polepole.