Dada wa Meza ya Malalamiko

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mje kusimama nasi leo, familia imemwomba mdogo wa mwisho wa marehemu asome maisha ya dada yake, naye ameyaandika akisaidiwa na watoto wa marehemu, na pale walipobishana ameandika alivyoona mwenyewe, basi penye kosa alaumiwe yeye.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, baba fundi saa na mama mshonaji, na kwa kuwa baba alifanyia kazi sebuleni, tangu utotoni alizoea kuona watu wazima wakiingia na saa zao wamenuna, wakidai kwamba fundi ndiye aliyeziharibu.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza mwaka 1965, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi Novemba 1969, akachaguliwa kusomea uuguzi, lakini siku ya tatu wodini aliona damu akaanguka kama gunia, na alipozinduka alikuta wagonjwa wawili wakimpepea, basi akafunga sanduku lake akarudi nyumbani, na kisa hicho alikisimulia yeye mwenyewe kwa furaha kabla mtu mwingine hajapata nafasi ya kukisimulia.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa katika duka kubwa la vyombo vya nyumbani, kazi yake ikiwa kufunga bidhaa kwa karatasi na kamba, na mwaka 1974 akahamishiwa meza ya malalamiko, ambayo wenzake waliikwepa kama ukoma, kwani aliyemtangulia aliacha kazi siku ambayo mteja alimrushia kikaango. Meza ilikuwa mwisho wa duka, kando ya ngazi, ina kiti kimoja tu upande wa mfanyakazi, na jambo la kwanza alilofanya ni kukivuta kiti kile akakiweka upande wa mteja, yeye akasimama, akisema kwamba mtu aliyekaa hupata taabu kupiga kelele. Alimwacha mteja amwage yote, hakumkata kauli hata alipotukanwa, kisha akasema, "Nimekusikia," akayarudia malalamiko yale kwa maneno yake ili mteja ahakikishe kweli amesikiwa, na ndipo walipoanza kuzungumzia sufuria. Hivyo mji mzima ukamwita Dada Nimekusikia, na wapo waliokuja hapa leo ambao hadi jana hawakujua kama ana jina jingine.

Tarehe 21 Agosti 1976, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mpiga chapa, mtu mpole mwenye wino kwenye kucha, na ingawa wengi hupenda kusema kwamba walikutana bwana akirudisha birika bovu dukani, ukweli ni kwamba walikutana kwenye harusi ya binamu, wakakaa meza moja kwa saa tatu bila mmoja wao kusema neno la maana. Walijaliwa binti mwaka 1978 na mapacha wa kiume mwaka 1981.

Familia haitaki kumpamba kupita alivyokuwa, na yeye asingekubali. Miaka ile alirudi nyumbani maneno mazuri yote ameyamaliza dukani, mtoto akidondosha kikombe alifokewa, baba yao akiuliza habari za kazi alijibiwa kwa mkato, mpaka jioni moja ya mwaka 1987, binti akiwa na miaka tisa, alikuja na daftari la shule mara tatu na mara tatu akaambiwa asubiri, akauliza kwa upole kabisa, "Mama, na mimi nirudishe kitu dukani ndiyo unisikilize?" Marehemu alizima jiko, akakaa sakafuni karibu naye, akalipokea lile daftari, na tangu siku hiyo akawa anashuka basi vituo viwili kabla ya nyumbani, atembee, ili ya dukani yabaki njiani. Mapacha wanasema bado alifoka, ila alifoka kwa makosa yao wenyewe, si ya wateja.

Mwezi Mei 1989 duka lilileta pasi za umeme za bei nafuu, na wiki ya pili tu watu wakaanza kuzirudisha, wengine wamepigwa shoti, wengine wameungua vidole, na meneja akamwagiza awaambie wateja wote kwamba hawajui kuzitumia. Aliwaambia hivyo watu kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa dobi, mwanamama aliyefunga mkono wa kulia kwa kitambaa, ambaye hakupiga kelele wala hakudai chochote, aliuliza tu kama kuna namna ya kupiga pasi kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa nguo za watu zinamngoja. Marehemu alimsogezea kiti. Alimwomba akae, akaichukua pasi ile, akapanda ngazi hadi ofisini, akaiweka mezani mbele ya meneja, akachomeka waya ukutani, akamwomba aishike. Meneja aliitazama, akarudisha mikono yake mapajani.

"Kama wewe huwezi kuishika," marehemu alimwambia, "mimi siwezi kuitetea."

Pasi ziliondolewa dukani wiki hiyohiyo, na yeye akaondolewa mezani, akapelekwa stoo kuhesabu masanduku, akakaa huko miezi saba, hadi wateja walipochoka kugombana na aliyechukua nafasi yake, ndipo akarudishwa. Hakujiona shujaa. Kilichomkosesha usingizi ni wale kumi na mmoja, basi akanakili anwani zao kutoka kwenye daftari la malalamiko, na kila Jumapili, akiongozana na mume wake, alienda kubisha hodi nyumba moja, kuwaambia kwamba walikuwa na haki na yeye aliwadanganya. Aliwapata tisa. Wengi walimkaribisha ndani, mmoja alikuwa amesahau kabisa, na mzee mmoja fundi cherehani alimsikiliza akiwa nyuma ya wavu wa mlango, akasema amesikia, akafunga mlango. Marehemu alikuwa akimtaja mzee huyo mara nyingi, wala si kwa uchungu, akisema kwamba kuomba radhi si risiti, humpi mtu halafu ukadai chako.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2006, na mume wake akatangulia mbele ya haki tarehe 9 Oktoba 2012, baada ya hapo akahamia kwa binti yake, akawa bibi wa wajukuu watano.

Mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa akapata nafuu, na hali ikabadilika Aprili mwaka huu wa 2023. Wodini alifanya jambo ambalo watoto wake hawakulitarajia, alilalamika. Mtu aliyebeba manung'uniko ya wengine miaka thelathini na zaidi alinung'unikia mto, pazia, uji usio na sukari, na daktari mwenye viatu vinavyolia, na alifanya hivyo kwa raha, jicho moja likicheka, huku wanawe wakishindana nani amrekebishie mto. Jumanne tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, alimwambia binti yake kwamba pazia sasa liko sawa, akalala, hakuamka tena, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, miezi miwili na siku ishirini na tatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa daktari wa viatu, ambaye siku ya mwisho alikuja na malapa, inawashukuru majirani waliopokezana kulala naye hospitali, wafanyakazi wenzake wa zamani, na wateja wake mliojaa hadi barabarani, ambao hatukujua tutawaketisha wapi.

Dada yetu, mama yetu, bibi yetu, umesimama muda mrefu. Pumzika kwa amani.