Dohani ya Danson

Benchi letu la Kandara, hapa Jeddah, liko ubavuni mwa kinyozi, nyuma ya stendi ya zamani ya mabasi. Nauza kahawa hapo tangu magoti yangu yalipokuwa yakikunjika bila kuomba ruhusa, na sijaona watu wanaojua mengi na kuuliza machache kama wateja wangu. Haroub, karani mstaafu wa Bandari ya Jeddah, tunamwita Manifesti, kama ile orodha ya shehena ya meli, kwani hakuna neno asilojua limetoka wapi. Gilbert, Mkenya wa mahesabu, ni Breaking: habari humfikia kabla haijatokea. Danson, Mkenya mwenzake, mtunza bustani, hana jina la utani. Yeye husikiliza tu. Jioni hiyo alikuja na mashine yake ya kupulizia majani makavu, ile ya kubebwa mgongoni, akaishusha kama anayeshusha maiti.

— Bawabu wa kompaundi ameniambia kuanzia kesho mafi dukhan, yaani hakuna dukhan. Nikija na dukhan, mafi kuingia. Na bustani zangu zote ziko ndani ya hilo geti, Bi Nunu. Nikifungiwa nje, kafili, mdhamini wangu, hana haja na mimi tena. Ananikatia tiketi ya kurudi.

— Dukhan ni sigara, akasema Gilbert. Kila mtu anajua.

— Mimi sivuti.

— Hata ukikaa na mwenye kuvuta. Wataleta mashine ya kunusa shati. Kikulacho ki nguoni mwako, buda.

— Anayenuka sigara hapa ni wewe, nikamwambia. Sogea kule.

Haroub akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue darasa limefunguliwa.

— Mnaidhalilisha lugha. Dukhan ndiyo dohani. Na dohani, kwetu Unguja, ni bomba la kutolea moshi. Mafi dohani, maana yake hawataki bomba. Si lile pale ubavuni mwa mashine?

— Lakini mzee, bomba likitoka, moshi utapita wapi?

— Utajirudia ndani. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Methali hiyo ni ya watu, Haroub, si ya moshi.

— Moshi nao ni msafiri, Bi Nunu.

— Hiyo imeingia akilini, akasema Gilbert. Hawa wasee wako na satellite. Huko juu wanaona kila bomba la moto, moja moja, na jina la kafili wake. Ukitoa bomba, unapotea kwa screen.

— Basi utolewe na wewe, nikasema, tupumzike.

Danson alimtazama Haroub, akatazama mashine. Kwao hawambishii mzee. Haroub akaazima spana kwa kinyozi, ambaye mpaka leo sijui spana anainyolea nini, akafungua skrubu mbili, bomba likatoka. Danson akavuta kamba.

Mashine ikanguruma kama lori la maji lililokasirika. Moshi wa buluu ukatufunika, mteja wa kinyozi akatoka mbio na ndevu za upande mmoja.

— Mnaona, akasema Haroub huku anakohoa. Unaanza kujirudia.

Ndipo akatokea Usama, mtoto wa jirani yangu. Kazaliwa hapa hapa Jeddah, Kiswahili kampa mamake, na sasa ni msimamizi wa usafi katika kompaundi hiyo hiyo. Akaizima mashine, akasalimia, akaelezwa yote. Hakucheka, na hapo nilimheshimu.

— Danson, bawabu alipokwambia mafi dukhan, mkono wake ulikuwa wapi?

— Puani. Alishika pua, akaninyooshea mashine.

— Na katika hawa, nani alikuuliza hilo?

Gilbert akatazama simu. Haroub akatazama kikombe.

— Dukhan ni moshi, ami, akasema Usama taratibu. Moshi wa mashine ndogo, hizi za petroli iliyochanganywa na oili. Kompaundi imeweka sheria yake: getini kuna kipimo, kinawekwa mdomoni mwa bomba. Ya moshi mwingi hairuhusiwi. Ukipunguza oili, ukasafisha chujio la hewa, utapita.

— Na wanajali nini vimashine hivi, akauliza Gilbert, na magari yote haya?

— Gari halibebwi mgongoni. Moshi wa hii, wa kwanza kuuvuta ni Danson.

Mimi si mtu wa kusifu. Nimeishi chini ya sheria nyingi, na karibu zote ziliuliza ikama yangu, kibali cha kukaa, iko wapi. Hii inauliza mapafu ya mtunza bustani. Aliyeitunga, popote alipo, nampa kahawa ya bure, na wateja wangu watakwambia hilo ni jambo zito.

— Bomba lirudi basi, akasema Usama. Skrubu ya pili iko wapi?

Hakuna aliyejua. Tukatafuta mchangani, chini ya jiko langu, mpaka kwenye nywele za kinyozi.

— Nani aliyeifungua?

Danson akamjibu mbele yetu sote:

— Ilikuwa imelegea siku nyingi.

Haroub aliyasikia hayo. Akavua kofia, akaiweka mfukoni, akapiga magoti na spana ya kinyozi mbele ya benchi letu, akafungua skrubu ya mguu wa mbele. Akaijaribu kwenye bomba. Ikakubali.

— Nendeni mkanywe wima, akatuambia.

Danson aliingia getini asubuhi yake, na anaingia mpaka leo. Benchi lenyewe lililala chali usiku ule ule, na kahawa yangu sasa wanainywa wakiwa wamesimama kama askari wa zamu. Haroub ndiye mkubwa wao kwa umri, na ndiye pekee ambaye sijamsikia akilalamikia miguu.