Sauti ya Nne

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena kwa niaba ya wale ambao hawakufika leo.

Wengi mnaniita Mama Selo. Selo ni ile violon kubwa, fidla ninayoipiga kwa upinde nikiwa nimeketi, imesimama kati ya magoti yangu. Mumisionari mmoja muzee alinifundisha, na alipokwenda kwao akaniachia. Kabla ya vita nilikuwa mwalimu wa muziki pale Nyakasanza, hapa Bunia, do-re-mi ubaoni, nusu ya watoto wanaimba, nusu wanatafuna miwa. Jumamosi jioni tulikuwa na mazoezi ya kwaya. Ee, ndugu zangu, zile Jumamosi! Madirisha wazi, jirani anakaanga samaki wa ziwani kutoka Mahagi-Port, na mume wangu Zakaria amesimama nyuma yangu kuimba sauti ya nne, bas, ile nzito ya chini kabisa. Kabla hatujaanza alikuwa ananigusa bega, nimpe noti yake. Nilimpa, naye aliipokea kama mtu anayepewa mutoto mikononi. Sikujua kwamba hiyo ndiyo furaha yenyewe, nilidhani ni Jumamosi tu. Tukimaliza tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye amebeba selo.

Vita ikaja. Zakaria alikwenda Nyankunde kumchukua mama yake aliyekuwa mgonjwa hospitalini, na hakurudi. Hatukupata hata mwili wa kuzika. Mimi nilikimbilia ziwani kwa dada yangu. Niliporudi Bunia, waporaji walikuwa wamebeba magodoro, sufuria, hata milango. Selo waliiacha ndani ya sanduku lake. Nafikiri walidhani ni jeneza. Niliisukuma kwenye kona, nikaifunika kitenge, nikamwambia Mungu waziwazi kwamba kazi yake nimeimaliza.

Hilo ndilo shimo ambamo Bwana alinitoa. Mchungaji alikuja kuniambia kwaya imebaki wamama tupu, sauti ya nne haina mtu, basi selo iimbe mahali pa wanaume. Nilikataa. Akarudi, nikakataa tena. Mwishowe nilikubali kwa sababu moja: sikutaka mtu mwingine yeyote aiimbe. Ile ilikuwa sauti ya Zakaria. Jumapili iliyofuata wamama walilia, mimi nikapiga mpaka mwisho.

Lakini Mungu alikuwa bado na neno na mimi. Mkimbizi mmoja kutoka Djugu, Baba Mateso, alikuja mazoezini. Kwa matamshi yake tu nilijua ni wa kabila ambalo vita ilitufanya maadui nalo.

"Mama," akasema, "kule kwetu nilikuwaka naimba bas. Benzangu bote balishakufa. Unionyeshe sauti, nitasimama nyuma yako."

Nyuma yangu! Nilikwenda nyumbani nikalia kwa hasira: Bwana, umenichukulia mume, sasa unataka hata mahali pake? Jumamosi nilikwenda hivyo hivyo, maana mwanafunzi akija, mwalimu hamfukuzi.

Nikampa noti. Akaikosa, ndugu zangu, akaikosa kama mbuzi aliyekanyagwa mguu! Nikampa tena, akaikosa upande wa pili. Akaanza kucheka mwenyewe. Na mimi, ambaye sikuwa nimecheka tangu Zakaria aondoke, nilicheka mpaka upinde wa selo ukaniponyoka. Nilipofuta macho, chuki niliyokuwa nimelala nayo haikuwepo. Aleluya!

"Iko sawa, Baba," nikamwambia. "Turudilie. Sikiliza kwanza."

Leo anaimba vizuri. Haimbi kama Zakaria, na simuombi aimbe kama yeye. Mume wangu ninamkumbuka kila Jumamosi, kuna siku ninamlilia, na ninapiga.

Ninamshukuru Mungu aliyenirudisha kwenye kazi aliyoniumbia. Wewe uliyepoteza mtu, mwamini Yeye, hata kama leo hakujibu. Na ukisikia moyo unakusukuma, njoo kwaya. Kila anayekuja nitampa noti yake, na akiikosa, nitampa tena.